Kwa nini nachomwa dawa ya saratani kwenye jicho?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Muheza. Nina miaka 52 na huu ni mwaka wa 13 wa kisukari. Tangu mwaka jana nikisahihisha madaftari naona mistari inapinda, na herufi za katikati zinamezwa. Hospitali walinipima kwa mashine ya picha wakasema kuna maji kwenye makula. Jicho la kulia linasoma 6/24, yaani herufi ambayo mwenye macho mazima huisoma akiwa mita 24, mimi naisoma nikiwa mita 6. Wamenipangia sindano za ndani ya jicho, moja kila mwezi, na nimeshachomwa ya kwanza. Binti yangu alisoma jina kwenye kichupa, Avastin, akalitafuta kwenye simu, akaja analia kwamba ni dawa ya saratani ya utumbo. Je, nina saratani wananificha? Au nimepewa hiyo kwa sababu ni ya bei rahisi? Na mbona sijaona tofauti yoyote?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Saratani huna. Binti yako naye hakusoma vibaya. Tatizo ni sisi madaktari tunaochoma kwanza na kueleza baadaye, au tusieleze kabisa.

Retina ni utando mwembamba uliotandazwa nyuma ya jicho, na makula ni kile kisehemu cha katikati unachosomea. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa midogo ya damu inayolisha retina huharibika, mingine ikaziba. Retina ikikosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, ambayo kazi yake ni kuotesha mishipa mipya na kulegeza kuta za mishipa iliyopo. Kuta zikilegea, maji yanavuja na makula inavimba. Wewe umewahi kuona daftari la mwanafunzi lililomwagikiwa chai: karatasi inafura na mistari haikai tena sawa. Ndicho kilichotokea jichoni mwako.

Sasa uvimbe wa saratani nao una ujanja uleule. Ili ukue unahitaji damu, kwa hiyo hutoa VEGF nyingi kuvuta mishipa iuendee. Avastin ilitengenezwa kuizima VEGF, na Marekani iliidhinishwa mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Mwaka uliofuata daktari wa macho wa Miami, Philip Rosenfeld, alichukua kiasi kidogo sana cha dawa hiyo akakichoma ndani ya jicho la mgonjwa wa makula, na uvimbe ukashuka. Adui ni mmoja, ila kiungo ndicho tofauti. Hata kipimo hakilingani: mgonjwa wa saratani mwenye kilo 70 anaweza kuwekewa miligramu 350 mshipani kwa mara moja, wewe umechomwa miligramu 1.25. Yake ni mara 280 ya yako.

Kuhusu bei, sitakuzunguka. Ndiyo, ni rahisi, na hiyo ni sehemu ya sababu. Kampuni iliyotengeneza Avastin ilitoa pia dawa ndugu yake mahususi kwa macho, Lucentis, iliyoidhinishwa 2006 kwa takriban dola 2,000 kwa sindano moja huko Marekani, wakati Avastin iliyogawanywa kwa dozi za jicho ilikuwa kama dola 50. Kampuni haikuwa na hamu ya kuzilinganisha. Serikali ya Marekani ikagharamia utafiti huo yenyewe, na mwaka 2011 majibu yakatoka: kwa ugonjwa wa makula wa uzeeni, zimetoka sare. Shirika la Afya Duniani likaiingiza Avastin kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2013.

Lakini ugonjwa wako ni wa kisukari, na hapo hadithi ina kona. Utafiti wa 2015 ulilinganisha Avastin, Lucentis na Eylea, dawa nyingine ya macho inayozima VEGF. Kwa wenye uoni ulioshuka kidogo tu, zote zilifanya kazi sawasawa. Kwa wenye 6/15 au chini yake, kama wewe, Eylea iliwapandisha zaidi mwaka wa kwanza. Utafiti mwingine ukatoka 2022 ukiuliza swali lako hasa: je, tukianza na Avastin na kuwabadilishia Eylea wale ambao haiwatoshi, tunawapunja? Baada ya miaka miwili uoni wao haukutofautiana na wa walioanza na Eylea moja kwa moja. Ila watu 70 katika kila 100 walioanza na Avastin waliishia kubadilishiwa. Kwa hiyo kuanza nayo ni uamuzi ninaouunga mkono, mradi daktari wako awe tayari kubadili. Muulize waziwazi: tukimaliza sindano hizi na picha bado inaonyesha maji, hatua inayofuata ni ipi?

Ninachokiogopa mimi zaidi ni jinsi kichupa kinavyogawanywa. Kina mililita 4, jicho linataka 0.05 tu, kwa hiyo kimoja huhudumia watu wengi. Kikigawanywa mahali pachafu, wote wanaumia. Florida mwaka 2011 wagonjwa 12 walipata maambukizi ndani ya jicho kutokana na dawa iliyogawanywa vibaya, na Punjab nchini Pakistan mwaka 2023 watu kadhaa wakapoteza uoni. Kuuliza nani anaigawa na wapi si utovu wa adabu. Zaidi ya hapo, hata mambo yote yakienda sawa, takriban sindano moja kati ya 2,000 hadi 3,000 huleta maambukizi. Ndani ya wiki ya kwanza, maumivu yakizidi badala ya kupungua, jicho likawa jekundu na uoni ukashuka, nenda siku hiyohiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Hujaona tofauti kwa sababu umechomwa moja. Dawa inaisha nguvu ndani ya wiki kadhaa na kisukari bado kipo, ndiyo maana katika ule utafiti wa 2015 wagonjwa walichomwa kati ya mara 9 na 10 mwaka wa kwanza. Miaka inayofuata hupungua. Wagonjwa wangu wengi waliopoteza jicho hawakuangushwa na dawa. Walichomwa mbili, hawakuona kitu, wakapotea, wakarudi baada ya mwaka retina imekwisha. Picha ya OCT, ile ya mashine inayopima unene wa retina, huonyesha makula inakauka kabla wewe hujasoma herufi moja zaidi, kwa hiyo omba uonyeshwe ya kwanza na ya sasa.

Kama umepata kiharusi au mshtuko wa moyo miezi ya karibuni, mwambie daktari kabla ya sindano ya pili. Presha na sukari usiziache zipande ukidhani jicho lina dawa yake. Na miwani mpya ya kusomea usitengeneze kwanza: makula ikivimba na kunywea, namba nayo inahama, utalipa mara mbili.