Kabla hujanunua gari la umeme la kampuni changa, ikague kampuni yenyewe

Sisi tunaobeba abiria hapa New York tunaulizana sana kuhusu Fisker Ocean, gari la umeme la kampuni changa iliyokwisha kufilisika. Ni gari zuri, linauzwa mtumba kwa bei ya chini mno, na jiji limeshaamua kwamba ifikapo 2030 magari ya Uber na Lyft yawe ya umeme au yaweze kubeba abiria wa kiti cha magurudumu. Kwa hiyo swali hili ni la riziki. Mimi mwenyewe nililitaka. Nililizunguka, nikakaa ndani, nikaliendesha, nikalipenda, na sikulinunua. Nitaeleza nilikagua nini, kwa sababu gari lenyewe lilikuwa sehemu ndogo tu ya ukaguzi wangu.

Nilianza na mwenye kampuni. Henrik Fisker ni Mdenmaki, msanifu wa maumbo ya magari, na kipaji chake hakina ubishi: mkono wake umo kwenye BMW Z8 na Aston Martin DB9. Mwaka 2007 alishiriki kuanzisha Fisker Automotive huko California, wakatoa gari la Karma linalotumia umeme na petroli. Lilikuwa likiundwa Finland, katika kiwanda cha Valmet. Serikali ya Marekani iliidhinisha mkopo wa dola milioni 529, ikatoa takriban milioni 192 kisha ikafunga bomba ilipoona malengo hayafikiwi. Oktoba 2012 kampuni ya A123, iliyokuwa ikiwapa betri, ilifilisika. Mwezi huohuo kimbunga Sandy kilizamisha Karma zaidi ya 300 zilizokuwa bandarini New Jersey, jirani kabisa na hapa tunapoishi. Novemba 2013 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na mwaka uliofuata mali zake zikanunuliwa na Wanxiang ya China.

Mtu akianguka mara moja simhukumu. Kimbunga hakimuulizi mtu. Ila nilitaka kujua kama safari ya pili ilijengwa tofauti na ya kwanza.

Mwaka 2016 Fisker alianzisha kampuni mpya pamoja na mkewe, Geeta Gupta-Fisker, ambaye ndiye aliyeshika upande wa fedha. Oktoba 2020 iliingia soko la hisa la New York kwa kuungana na kampuni iliyokuwa tayari imeorodheshwa, ikapata karibu dola bilioni moja. Hapa pia hawakuwa na kiwanda chao. Ocean iliundwa na Magna, kampuni inayowaundia wengine magari, huko Graz, Austria, kuanzia Novemba 2022. Kuundiwa magari na mwingine si kosa, na Magna ni mafundi wa kweli. Lakini ina maana kwamba kampuni yenye jina lake kwenye boneti inabaki na kazi nyingine zote: programu, mauzo, vipuri, matengenezo na huduma baada ya mauzo. Humo ndimo ilimokwama.

Dalili zilikuwa hadharani. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa hulazimika kutangaza hesabu zake kila robo mwaka, na hesabu hizo husomwa bure. Fisker ilikuwa imesema kwamba mwaka 2023 itaunda magari 42,400. Makadirio yakashushwa, yakashushwa tena. Mwaka ulipokwisha, magari yaliyoundwa yalikuwa 10,193, na yaliyofika mikononi mwa wanunuzi yalikuwa 4,929. Tazama hizo namba mbili za mwisho. Zaidi ya nusu ya magari yaliyoundwa mwaka ule hayakuwa yamefika kwa wateja, huku kampuni ikiendelea kuwalipa walioyaunda. Namba hizo ndizo ninazozitafuta kwanza sasa kwa kampuni yoyote ya namna hii, kabla sijaangalia betri inakwenda maili ngapi.

Mwisho ulikuja haraka. Mwishoni mwa Februari 2024 kampuni yenyewe ilionya kwamba huenda isiweze kuendelea. Machi ikasimamisha uundaji, mazungumzo na kampuni kubwa ya magari yakavunjika, na soko la hisa likaiondoa. Mwezi huohuo bei ya Ocean Extreme ikashushwa kutoka dola 61,499 hadi 37,499. Hebu fikiria aliyekuwa amelichukua gari hilo kwa mkopo wa benki wiki chache kabla. Gari limepoteza dola 24,000 kwa tangazo moja, na benki inadai vilevile. Juni 2024 kampuni ikaomba kufilisiwa katika mahakama ya Delaware.

Na hapa ndipo pananihusu moja kwa moja kama dereva. Magari yaliyobaki, zaidi ya 3,000, yalinunuliwa na American Lease, kampuni ya New York inayokodisha magari kwa madereva kama sisi, kwa dola milioni 46.25. Biashara ikakaribia kukwama kwa jambo ambalo wazee wetu wa gereji wasingeliwaza: seva, yaani kompyuta za kampuni zinazowasiliana na gari kwa mtandao. Kampuni ilieleza mahakamani kwamba haiwezi kuyahamishia magari hayo kwenye seva nyingine isiyo yake. Mnunuzi anayafikia magari, anazo funguo, lakini njia ya kuyarekebisha programu iko kwa marehemu. Ilibidi American Lease ikubali kulipa dola milioni 2.5 zaidi ili ipate huduma hiyo kwa miaka mitano. Wao wana mawakili. Wewe mwenye gari moja, utazungumza na nani?

Ndiyo maana nasema gari la umeme la kampuni changa ni kama ndoa, unaoa na ukoo mzima. Toyota kuukuu ikiharibika Queens au Kariakoo, kuna fundi anayeijua na kuna duka lenye spea, hata kama kiwanda kingefungwa kesho. Ocean inataka fundi mwenye kompyuta iliyoruhusiwa kuzungumza nayo. Hata marekebisho ya usalama, yale yanayotangazwa kwa magari yote yenye kasoro fulani, yalileta mvutano: kampuni ikiwa tayari imefilisika, ilisema kwanza kwamba wenye magari wajilipie gharama ya ufundi. Serikali ikapinga, kwa kuwa sheria inataka marekebisho hayo yawe bure, na kampuni ikarudi nyuma.

Mimi, baada ya kuliendesha, nilimpigia wakala wangu wa bima kabla ya kuzungumza bei. Nawasihi mfanye hivyohivyo. Wakala alisitasita, kisha akanitajia malipo yaliyoila faida yote ya bei rahisi. Halafu nikauliza gereji za mtaani nani atanipatia kioo cha mbele au mlango nikigongwa Ijumaa usiku, maana gari likilala gereji mwezi mzima hakuna chakula. Jibu la wazi sikulipata. Nikaachana nalo, nikachukua gari la umeme la kampuni kongwe, dogo zaidi na lisilogeuza shingo za watu.

Ndugu walioko Dar na Mombasa nao wameanza kuniuliza kuhusu magari ya umeme ya Kichina. China ina watengenezaji imara, ila wengine wameanguka pia: WM Motor iliomba kufilisiwa 2023, na HiPhi ikasimamisha uzalishaji mapema 2024. Mkiagiza, jina la kampuni liwe swali la kwanza. Mwulizeni muuzaji nani ana vipuri hapo nchini leo, si mwezi ujao, na nani anaweza kuingia kwenye programu ya gari bila kuipigia simu China. Mwulizeni kama gari linafunguka na kuchaji pasipo intaneti. Akijibu kwa maneno matupu, mwambie akuonyeshe.

Kwa ambaye tayari ana Ocean: ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya shirika la usalama barabarani la Marekani uone marekebisho ambayo hayajafanyika, na uyafanye sasa. Jiunge na chama cha wamiliki, Fisker Owners Association. Wanasaidiana kutafuta vipuri na mafundi, na maarifa yao yamezidi ya duka lolote. Na kama una mkopo juu yake, soma bima yako uone italipa nini gari likiharibika kabisa: thamani ya gari sokoni, au deni lote la benki. Tofauti hiyo inaweza kuwa maelfu ya dola, na bima ya kuiziba hukatwa mapema, wakati gari bado ni zima.