Kichwa cha risasi kupiga karatasi kwa ubavu
Ndugu, umeuliza kwa nini vichwa vya greni 69 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) ulivyojazia risasi zako za aina ya .22-250 vinaacha tundu refu kwenye karatasi ya shabaha, ilhali vya greni 55 vinatoboa duara safi. Baruti haina kosa. Bunduki nyingi za risasi hii, ambayo kampuni ya silaha ya Remington iliiingiza rasmi sokoni mwaka 1965, zina mtutu unaozungusha risasi mara moja katika kila inchi 14, kiasi kinachotosha kichwa kifupi cha kuwindia koyote (mnyama wa Amerika anayefanana na mbweha) lakini kisichoweza kukituliza kirefu kama chako cha greni 69, ambacho huyumba na kupiga karatasi kwa ubavu, kwani kinachodai mzunguko zaidi ni urefu kuliko uzito. Kuongeza baruti hakutakusaidia, na shinikizo likizidi ni hatari. Rudi kwenye greni 55, ukianzia kipimo cha chini kabisa katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti.