Bao la simu na bao la babu

SWALI: Mhariri, salamu. Mwanangu wa miaka 12 anacheza bao kwenye simu na anajigamba kuwa hakuna wa kumfunga. Babu yake, ambaye kila jioni yuko barazani mbele ya bao lake la mti, anasema ule si mchezo bali ni kubonyeza kioo. Mimi naona ni heri bao kuliko michezo ya kufyatuliana risasi. Je, nimtetee mtoto au nimuunge mkono mzee? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuamua baina yao, chukua hiyo simu uhesabu mashimo. Ukikuta safu mbili za mashimo sita sita na ghala moja kubwa kila upande, basi kijana hachezi bao. Anacheza Kalah, mchezo uliobuniwa na Mmarekani William Julius Champion mwaka 1940, ambao programu nyingi huuita mankala tu, jina la jumla la michezo ya kusambaza kete mashimoni. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Tofauti haiishii kwenye hesabu. Katika Kalah, kete ikishaingia ghalani imetoka mchezoni, lakini katika bao kete ulizoziteka unazisambaza upande wako mwenyewe, hivyo hakuna inayoondoka ubaoni, na mtu aliyekuwa karibu kufungwa anaweza kuugeuza mchezo kwa mtaji mmoja, yaani zamu moja ya kuteka. Utamu wote uko hapo, nami simshangai mzee akikasirika.

Ikiwa ni bao kweli, mzee bado ana hoja. Simu husambaza kete yenyewe, na baadhi ya programu huonyesha hata mashimo yanayofaa kuchezwa, ilhali barazani mchezaji hulazimika kuona akilini, kabla hajagusa kitu, kete zake zitaishia wapi, zitateka nini, na kama zitaendelea kuzunguka au zitalala. Wakati wa namua, yaani awamu ya kwanza ya bao, ambapo kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi na kuingiza moja kwa kila zamu, hesabu hiyo hufanywa huku mtu akiwaza pia kama ailinde nyumba yake, lile shimo kuu analowekea akiba ya kete, au aivunje. Mtoto aliyezoea kuonyeshwa njia hatajifunza kuitafuta. Hata hivyo, simu ina jambo moja ambalo wazee wetu wa barazani, tuseme kweli, hawana: haichoki kurudia kanuni, wala haimcheki anayekosea.

Kwa hiyo mwache kijana aendelee na simu, ila azime msaada wa kuonyeshwa mashimo kama programu yake inaruhusu, kisha umpeleke kwa babu yake wacheze bao la kujifunza. Humo kila shimo huwekwa kete mbili na mchezo huanza moja kwa moja na awamu ya pili, ambayo nayo huitwa mtaji, bila namua. Komwe, zile mbegu zinazotumika kama kete, zikipungua, mkomwe unaota pwani yenu, na vijiwe vinavyolingana pia vinafaa. Jambo moja tu mwombe mzee wako kwa heshima: asimwanzishie mjukuu bao kamili siku ya kwanza, kwa sababu atamfunga kete za mkononi hazijaisha, na mtoto atairudia simu yake jioni hiyo hiyo.