Mkopo si ruzuku: majibu kwa vikundi vya sanaa

Tangu niandike kwamba zipo benki zinazotazama manufaa ya jamii pamoja na faida yao, vikundi vya sanaa vya Nairobi vimeniandikia kwa wingi. Nimechagua haya.

Mfadhili wetu amejitoa, na walimu wa ngoma hawajalipwa miezi miwili. Tukope tuwalipe hadi tupate mwingine? (Dandora)

Hapana. Swali hili hunijia kila mwezi na jibu halijabadilika. Mshahara ukishaliwa haurudi, riba inabaki. Niliwahi kuwa mweka hazina wa kikundi kilichofanya hivyo. Mfadhili tuliyemngojea hakuja, tukauza ngoma na spika ili tulipe deni, na watoto waliokuwa wakija kila Jumamosi wakakuta mlango umefungwa. Benki haikutudanganya. Tulikopa bila kujua shilingi ya kulipa ingetoka wapi, na hilo linaniuma hadi leo. Waambieni walimu ukweli, punguzeni siku za mazoezi. Ikiwa mfadhili ameshatia saini mkataba na pesa zimechelewa tu, hapo mkopo wa muda mfupi una maana.

Hatuna shamba wala ploti. Kuna benki itakayotusikiliza? (Kawangware)

Ipo, lakini kwanza acheni kuamini kwamba dhamana ni hati ya ardhi peke yake. Tangu 2017 Kenya ina sheria ya dhamana ya mali inayohamishika. Chini yake mnaweza kuweka dhamana vyombo vya muziki, gari, hata pesa mnazodai kwa kazi mliyokwisha kufanya. Ofisa wa mikopo asipotaka kusikia hilo, nendeni benki nyingine.

Benki yenye maadili mtaijua kwa maswali yake. Itauliza pesa zinafanya kazi gani, nani atafaidika mtaani, na mtalipa kwa mapato yapi. Nanyi mkiiuliza inawakopesha akina nani wengine, itajibu. Triodos ya Uholanzi, iliyoanzishwa 1980, huchapisha majina ya mashirika inayoyakopesha, na sanaa na utamaduni ni sehemu ya kazi yake. Uingereza kuna Charity Bank, iliyoanza 2002, inayochukua akiba za wateja na kuyakopesha mashirika ya hisani. Hapa kwetu ulizeni vivyo hivyo, benki na Sacco. Ni haki yenu kujua akiba zenu zinalala wapi.

Sasa hesabu. Tuseme mnakodi spika na taa kwa shilingi 15,000 kila onyesho, na mna maonyesho manne kwa mwezi. Hizo ni 60,000 zinazokwenda kwa mwenye vifaa. Mkikopa laki tano, mkanunua vyenu, mkalipa kama elfu 24 kwa mwezi kwa miaka miwili, zinabaki elfu 36 za nauli za wachezaji na matengenezo. Siku zisizo na onyesho mnawakodishia watu wa harusi. Kikundi hukua namna hiyo. Kituo cha sanaa cha The GoDown kilianza 2003 kwenye ghala la Industrial Area, na shirika la sanaa la Sarakasi likaligeuza jumba la zamani la sinema la Shan, pale Ngara, kuwa ukumbi wa maonyesho. Penye vifaa na mahali pa kufanyia kazi, kuna kitu cha kukodisha hata wafadhili wakikauka.

Lakini kama maonyesho yenu ni mawili kwa mwaka, msinunue chochote. Endeleeni kukodi.

Benki imetupa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, mkopo wa miaka miwili. Ni nafuu? (Mukuru)

Asilimia 14 ya nini? Tafadhali msiniandikie tena bila kusema hilo. Kwa laki tano, riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi, mtalipa kama 76,000. Ikihesabiwa kwa mkopo mzima tangu mwanzo hadi mwisho, ni 140,000. Asilimia ni ile ile, tofauti ni 64,000, na hizo ni pesa za watoto wenu. Juu yake kuna ada ya kushughulikia mkopo, bima na wakili. Ombeni jedwali la malipo lenye jumla ya kila kitu, mlisome kwenye mkutano wa kikundi kizima, ndipo mtie saini.

Sisi ni shirika lisilo la faida. Tunaruhusiwa kukopa? (Kayole)

Ndiyo, kama katiba yenu inaruhusu na kamati imepitisha kwa maandishi. Hata kufanya biashara halali mnaruhusiwa na sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, mradi mapato yarudi kwenye kazi ya shirika. Kugawana faida ndiko marufuku.

Wengi wetu ni Waislamu, hatutaki riba. (Pumwani)

Ulizeni murabaha: benki inanunua kifaa, inawauzia kwa bei yenye faida iliyotajwa mapema, mnalipa kidogo kidogo. Waelezeni kazi yenu tangu siku ya kwanza, kwa sababu bodi ya sharia hupima shughuli yenyewe, na muziki au dansi unaweza kuwa na maswali.

Mwenyekiti akope kwa jina lake kwenye simu, kisha tumrudishie? (Githurai)

Msithubutu. Mkichelewa, jina lake ndilo litakaloingia CRB, ofisi inayoweka kumbukumbu za wakopaji, na mkigombana hamna karatasi ya kuonyesha deni ni la nani.

Mkopo wetu wa benki ulikwama miaka mitatu iliyopita na deni bado linapanda. Litafika wapi? (Huruma)

Lina kikomo. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishakuwa chechefu, yaani haulipwi tena inavyopaswa, riba wanayoweza kuwadai isizidi salio la mkopo wenyewe, bila riba, lililokuwapo siku ulipokwama. Gharama za kufuatilia deni zinaongezwa juu. Ombeni taarifa ya akaunti ya kuanzia siku hiyo, kwa barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, mjumlishe riba mstari kwa mstari. Ikiwa imevuka, rudini kwa meneja na hesabu yenu mkononi kabla hamjalipa shilingi nyingine.