Kwa nini "naye Neno" na si "nalo Neno"?

SWALI: Ninafundisha Kiswahili sekondari. Wanafunzi wameniuliza kwa nini Yohana 1:1 inasema "naye Neno alikuwako kwa Mungu", ilhali "neno" ni la ngeli ya LI-YA. Je, si kosa la upatanisho?

JIBU: Si kosa, mwalimu, na wanafunzi wako wamegusa jambo zito. Nomino ikimtaja mwenye uhai, upatanisho hufuata A-WA hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine: kiongozi amefika, kipofu anaomba. Wafasiri walimwona Neno kuwa nafsi, wakampa "naye".

Ila Kigiriki, lugha ambayo Injili hii iliandikwa, hakikulazimika kuamua hivyo. Neno lenyewe ni logos, nomino ya jinsia ya kiume kisarufi tu, sawa na artos, mkate, au potamos, mto. Kitenzi chake hakionyeshi kama ni mtu au kitu. Kwa hiyo sarufi peke yake haikufichulii lolote. Unasubiri mpaka mstari wa 14, "alifanyika mwili". Sisi hatuna nafasi hiyo ya kusubiri, ni ama li- ama a-. Tazama walivyoanza: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno", kwa ku- ya mahali, ambayo bado haisemi kitu. Kisha mara moja, "naye". Napenda sana hatua hiyo. Kiarabu nacho kilifika hapohapo: kalima ni nomino ya kike, lakini katika Biblia ya Kiarabu mstari huu una kitenzi cha kiume.

Waambie pia kwamba logos ilikuwa na safari ndefu kabla ya Yohana. Karibu mwaka 500 KK, mwanafalsafa Heraclitus wa Efeso aliitumia kwa utaratibu unaoendesha vitu vyote, ambao watu wanausikia na bado hawauelewi. Wastoiko, wanafalsafa wa Kigiriki kuanzia Zeno aliyefundisha Athens karibu mwaka 300 KK, waliiona kuwa akili iliyoenea ulimwenguni kote. Logos ni kauli, hesabu, hoja na akili kwa pamoja. "Neno" letu si finyu kama linavyodhaniwa, maana tunasema "si neno" na "nina neno nawe" tukikusudia jambo, si tamko. Hata hivyo halifiki kwenye akili. Linalofika huko ni "mantiki", nalo limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutamka.

Kwa hiyo, ukiandika juu ya Heraclitus au Wastoiko, usiandike "Neno anaongoza ulimwengu". Andika "logosi inaongoza", kwa upatanisho wa I-ZI, au "akili". Na hata kwa Yohana, a- isivuke mpaka: Ufunuo 19:13 inasema "Neno la Mungu", si "Neno wa Mungu". Kwa Neno hili, kitenzi na kiwakilishi hufuata nafsi, kihusishi cha umilikaji kikabaki na umbo.

Pagumu ni kwa Yustino, mwanafalsafa Mkristo aliyeuawa Roma karibu mwaka 165. Yeye alishikilia kwamba walioishi kwa logos, kama Socrates na Heraclitus, walikuwa Wakristo. Kwake logos ya Wagiriki ni Kristo mwenyewe, kwa hiyo ukimfasiri Yustino, rudi kwenye "naye".