Dakika Nazo Zinalipiwa: Ninavyopanga Bei ya Nguo

Bei ya nguo haipatikani kwa kuchungulia jirani anauzaje, kisha wewe ukashusha kidogo. Huenda jirani ana mashine za kiwandani na ananunua kitambaa kwa majora. Huenda pia anauza kwa hasara na bado hajajua. Mimi nashona na kuuza nguo za kike, na wanaoanza biashara hii huniuliza swali moja kuliko mengine yote: niuze bei gani? Nami huwauliza: hiyo nguo imekugharimu kiasi gani? Wengi hutaja kitambaa na nauli, halafu wananyamaza.

Kwangu kila mtindo una karatasi yake ya gharama, na inajazwa kabla mkasi haujagusa kitambaa. Hapa nitatumia namba tupu, wewe weka fedha unayoitumia.

Nianze na kitambaa, kwa kuwa ndicho kinachotudanganya. Usihesabu kitambaa kilichobaki kwenye nguo, hesabu ulichonunua. Tandaza patani, yaani kiolezo cha karatasi cha kukatia, juu ya kitambaa, panga vipande vyote, kisha pima urefu kuanzia kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Huo ndio urefu unaoulipia, pamoja na vipande vidogo vitakavyobaki sakafuni. Mabaki ya asilimia 10 hadi 20 ni ya kawaida kabisa, na yanatakiwa kuingia kwenye bei ya nguo, si kukatwa kwenye mfuko wako. Angalia na upana. Patani inayokaa vizuri kwenye kitambaa cha sentimita 150 itadai urefu zaidi kwenye kitambaa cha sentimita 115, kwa hiyo kitambaa chenye bei ndogo kwa mita kinaweza kuwa ghali kwa gauni. Maua yanayotazama upande mmoja, mahameli, na mirabaraba inayotakiwa kukutana kwenye mshono, vyote vinakunyima nafasi ya kugeuza vipande ili vibanane, na mita zinaongezeka. Kitambaa cha pamba kinywee kwanza: kiloweke, kikaushe, ndipo ukate. Urefu uliopotea kwenye maji nao umeununua. Kuhusu saizi, mimi huuza zote kwa bei moja, basi gharama ya kitambaa naipiga kwa saizi ya juu kidogo ya katikati. Wapo wanaotoza zaidi saizi kubwa. Siwalaumu, ila binafsi sipendi kumwambia mteja bei inategemea kiuno chake.

Vikorokoro orodhesha vyote: zipu, vifungo, uzi, bitana, kitambaa cha kukazia kola, lebo, mfuko wa kufungashia. Kimoja kimoja ni kidogo, lakini jumla yake hushangaza. Na kama unatafuta pa kubana matumizi, usianzie kwenye uzi. Uzi mbovu unaokoa pesa kidogo mno, halafu mshono unaachia mteja akiwa kazini kwake.

Sasa muda. Hapa ndipo wengi wetu tunafanya kazi ya bure bila kujua, hasa anayeshona mwenyewe na kujihesabia kwamba fundi halipwi. Fundi analipwa, hata kama fundi ni wewe. Kuna siku utaugua au oda zitazidi, utamwita mtu akusaidie, na bei yako haitakuwa na nafasi ya kumlipa.

Njia ninayoitumia ni kutafuta gharama ya dakika moja. Tuseme fundi mmoja anafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni saa 200, sawa na dakika 12,000. Lakini hakuna anayeshona dakika zote hizo. Umeme unakatika, sindano inavunjika, mteja anaingia kuuliza tu na kuondoka. Chukua asilimia 70, yaani dakika 8,400. Kisha jumlisha malipo ya fundi, pango, umeme, matengenezo ya cherehani na ovaloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisichanike nyuzi), simu, na kiasi cha kuweka akiba ya kununua mashine nyingine hii itakapochoka. Ikiwa jumla ya mwezi ni 8,400, dakika moja inakugharimu 1. Hesabu hii inameza gharama zote za kudumu kwa mkupuo, huna haja ya kubuni "kidogo cha pango" kwenye kila nguo.

Kinachobaki ni kujua nguo inachukua dakika ngapi, na hapa kumbukumbu haiaminiki. Weka saa mezani. Pima kukata, kushona, kupiga ovaloki, kutia zipu, pindo, vifungo, kupiga pasi na kukata nyuzi zinazoning'inia. Pima nguo ya tatu au ya nne ya mtindo huo, kwa sababu ya kwanza huwa na kusuasua kwingi. Muda wa kubuni na kutengeneza patani usiubandike wote kwenye nguo moja, ugawe kwa idadi unayotegemea kuuza. Ukizoea utaanza kuona mtindo kwa macho mengine: mfuko wa kufichwa una dakika zake, mikunjo ya kiunoni ina zake, na hariri inayoteleza inaweza kufuta unafuu wote uliopata kwa kukinunua kitambaa kwa jumla.

Basi tuchukue gauni: kitambaa mita 3 kwa 20, ni 60, bitana mita 2 kwa 8, ni 16, vikorokoro 14. Vifaa ni 90. Dakika 110 kwa 1 ni 110. Gauni limekugharimu 200 kabla hujapata faida hata senti. Ujira wako uliokwisha kuuweka kwenye dakika ni malipo ya kazi. Faida ni kitu kingine, ndiyo itakayonunua jora linalofuata.

Kuna hesabu moja inayowachanganya hata waliokaa sokoni muda mrefu. Ukiongeza asilimia 50 juu ya 200 unauza 300, na faida ya 100 ni theluthi moja tu ya bei, si nusu. Ukitaka nusu ya bei iwe faida, uza 400. Tofauti hii inauma siku ya punguzo. Gauni la 400 ukilipunguza asilimia 20 linakuwa 320, na faida inashuka kutoka 200 hadi 120, yaani asilimia 40 imekwenda. Faida ya magauni 10 ya bei kamili sasa inakudai uuze 17. Kabla ya kutangaza punguzo jiulize kama una hayo magauni, na kama una dakika za kuyashona.

Mwenye ndoto ya kuuzia maduka ajipange mapema. Duka nalo litaweka faida yake, na mara nyingi linazidisha bei uliyoliuzia karibu mara mbili. Kama wewe mwenyewe unauza rejareja kwa 400, huwezi kuliuzia duka kwa bei ya jumla ya 400. Litakuwa linashindana nawe, na halitarudi.

Inatokea pia karatasi inakupa 400 na wateja wako mwisho wao ni 320. Usikimbilie kukata faida. Rudi kwenye mtindo: bitana iishie magotini, mifuko miwili iwe mmoja, zipu ya kufichwa iwe ya kawaida, kipande cha mgongoni kisiwe na mshono wa kati. Ikishindikana, mtindo huo si wa soko lako. Nimewahi kuacha mitindo niliyoipenda kwa sababu hiyo, na kitambaa chake kikageuka sketi zilizouzika haraka.

Bei ya undugu nayo iandike. Mimi simkatalii ndugu wala rafiki, ila nimeweka kiwango kimoja kwa wote, hakishuki chini ya gharama, na kinaingia daftarini kama mauzo mengine. Wahenga wa sokoni walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na undugu una njia nyingi za kutokea.

Karatasi naipitia kila ninaponunua jora jipya au pango linapopanda. Oda za vipimo huwa na dakika za ziada za kupima, kujaribisha na kurekebisha, hivyo nazitoza juu zaidi na kuchukua malipo ya awali yanayofidia vifaa vyote. Aliyekwisha kulipa awali namshonea kwa bei tuliyokubaliana hata kama kitambaa kimepanda kesho yake. Bei mpya inaanza na oda inayofuata.