Majedwali kwanza, takwimu baadaye: kwa mnaoanza kuandika ripoti za utafiti

Wadogo zangu mnaoanza kazi hapa Dodoma, wengi wenu mnazijua vizuri programu za kuchambua takwimu kama Stata au SPSS. Kinachowachelewesha ni kusubiri takwimu zote zishuke kutoka kwenye vishikwambi ndipo muanze kujiuliza ripoti itasema nini. Mtu anatoa jedwali la kila swali kwa wilaya, jinsia na umri, anapata mamia ya kurasa, kisha anahangaika kutafuta la kusema humo. Wiki zinaisha hivyo.

Wadadisi, yaani wanaohoji kaya, wakiwa bado Chemba au Mpwapwa, chukua dodoso utengeneze majedwali matupu: kichwa, mistari, safu, na chini yake uandike wazi ni kaya zipi au watu gani wanaohesabiwa. Mpelekee mwenye utafiti. Akisema jedwali fulani halimsaidii kuamua lolote, lifute kabla hujalitolea jasho. Yanayobaki yaandikie amri za kuyajaza, uzijaribu kwa takwimu za siku za mwanzo. Takwimu kamili zikifika unaendesha amri zilezile, na kaya tatu zikiondolewa baadaye kwa kujirudia, majedwali yanajirekebisha. Kunakili namba kwa mkono kutoka kwenye skrini kuacheni kabisa. Makosa mengi ya ripoti huzaliwa hapo.

Kazi inayokula muda kweli, na ambayo haina njia ya mkato, ni safu ya "nyingine, taja". Chukua swali la chanzo kikuu cha maji ya kunywa wakati wa kiangazi. Utakuta "lambo", "Rambo", "bwawa", "bwawa la ng'ombe", "korongoni", "wanachimba mchangani". Nne za mwanzo zinaweza kukaa pamoja. Lakini anayechimba mchanga wa korongo lililokauka usimtupe haraka kwenye fungu la mto, maana kiangazi hakuna mto pale. Kuna shimo, ndoo na foleni ya akina mama. Kompyuta haiwezi kukuamulia hilo. Mpigie simu msimamizi wa timu iliyokwenda huko, amueni pamoja, andika uamuzi na sababu yake kwenye daftari la usafishaji wa takwimu, na safu ya majibu ya awali ibaki kama ilivyokuja.

Mavuno nayo yana mtego wake. Gunia la mahindi huhesabiwa kilo 100, ila mkulima wa Kongwa anayesema "nilivuna gunia kumi" huenda anamaanisha lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Kama dodoso halikuuliza, ripoti magunia na useme hivyo. Usigeuze kuwa kilo kwa kukisia.

Uzito wa sampuli, yaani namba inayoonesha kila kaya iliyohojiwa inawakilisha kaya ngapi, nausema kwa kifupi, ingawa ni lazima. Mkichukua idadi sawa ya kaya kila wilaya, kaya moja ya Jiji inawakilisha kaya nyingi kuliko moja ya wilaya yenye watu wachache. Ukijumlisha mkoa bila uzito, Jiji linapotea.

Sasa kuandika. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na 3,085,625 kati yao mkoani Dodoma. Sensa ina haki ya kutaja mpaka mtu wa mwisho, kwa kuwa ililenga kumhesabu kila mtu. Sampuli ya kaya mia chache haina haki hiyo. Tuseme umepata asilimia 47.3: kwenye jedwali iache, kwenye maelezo andika "karibu nusu". Usianze na "Jedwali la 4 linaonesha kuwa wahojiwa..." Anza na jambo lenyewe: "Karibu nusu ya kaya za vijijini hutumia zaidi ya nusu saa kufuata maji kiangazi." Namba ya jedwali iende kwenye mabano mwishoni.

Kila asilimia iwe na mwenyewe. "Asilimia 60 ya wanawake" ni wanawake wote, au waliojifungua karibuni tu? Na kutoka asilimia 20 kwenda 30 ni ongezeko la alama 10 za asilimia; ukiandika "imeongezeka kwa asilimia 10" umekosea, kwa sababu kiwango kimepanda kwa nusu ya kilivyokuwa. Fungu lenye watu 12 usilitolee asilimia. Sema "tisa kati ya 12", inatosha.

Muhtasari uandikwe mwisho, ukurasa mmoja au miwili, kwa ajili ya afisa mipango anayeingia kwenye kikao cha madiwani kesho asubuhi na hatafungua kurasa nyingine. Ukimaliza, mpe mwenzako ambaye hakuugusa utafiti huo kalamu nyekundu na majedwali. Atafute kila namba ya muhtasari ilikotoka. Asiyoipata aikate.